Ukarabati wa maktaba za mitaa Nairobi una funzo gani kwa Kinondo?

Maktaba kongwe ya mtaa inapokarabatiwa na kupanuliwa, jambo la kwanza linaloonekana ni rangi mpya ukutani. Jambo linaloamua iwapo kazi hiyo ilikuwa na faida huonekana miaka mitano baadaye: je, mlango ungali wazi, taa zinawaka, na walioketi ndani ni watoto wa mtaa ule ule?

Swali hilo lilizuka upya jijini Nairobi mwaka 2018, wakati serikali ya kaunti ilipofikia makubaliano na shirika lisilo la kibiashara la Book Bunk ili maktaba tatu za umma zifufuliwe. Maktaba hizo ni McMillan, iliyo katikati ya jiji, pamoja na matawi yake mawili ya mashariki mwa jiji, Kaloleni na Makadara. Waasisi wa shirika hilo, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walikuwa wamelianzisha mwaka 2017 kwa kusudi hilo.

Hata hivyo, jambo hili si la Nairobi peke yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, pamoja na makavazi na viwanja vya michezo. Kwa hivyo mkazi wa wadi ya Kinondo, katika eneo bunge la Msambweni, Kaunti ya Kwale, anayetamani maktaba nzuri karibu na nyumbani, ana haki ya kulipeleka dai lake katika makao ya kaunti mjini Kwale.

Isitoshe, Kinondo ina tajriba yake katika suala la kuhifadhi turathi bila kuwatenga wenyewe. Tajriba hiyo, ikipimwa sambamba na yaliyotukia Kaloleni na Makadara, inaweza kuwafaa wote wanaofikiria kulipa jengo kuukuu uhai mpya.

Jumba lililofungiwa wenyeji

Ili kuelewa uzito wa ukarabati wa Nairobi, ni sharti kurejea chanzo chake. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kando ya Msikiti wa Jamia. Iliasisiwa na Bi Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Huyu ndiye aliyempokea Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, katika shamba lake la Juja mwaka 1909. Sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa wakfu wa Carnegie wa New York.

Jumba hilo lenye nguzo kubwa na sanamu za simba mlangoni lilikuwa kwa ajili ya Wazungu pekee. Mwafrika angeweza kufagia sakafu yake lakini asingeweza kuazima kitabu. Ubaguzi huo ulidumu hadi mwaka 1958, na mwaka 1962 maktaba ikawa chini ya Baraza la Jiji. Kuna hata sheria mahususi ya McMillan, iliyotungwa mwaka 1938, inayolilinda jumba hilo, hadhi ambayo majengo machache mno nchini yanayo.

Matawi ya Kaloleni na Makadara yana sura nyingine. Kaloleni hii, ambayo haipaswi kuchanganywa na mji wa Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi, ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za wafanyakazi Waafrika. Ukumbi wake wa kijamii ulipata umaarufu kama jukwaa la wanasiasa waliopigania uhuru. Maktaba iliyo katika mtaa kama huo haina nguzo za fahari, lakini imezungukwa na nyumba za watu, na mtoto huifikia kwa miguu.

Miongo ya uhaba wa fedha iliziathiri maktaba zote tatu. Mapaa yalivuja, rafu zikajaa vitabu vilivyopitwa na wakati, na vitabu vipya vikawa haba. Wasomaji waliobakia wengi walikuwa wanafunzi waliokuja na vitabu vyao wenyewe mkononi, kwa kuwa walichokitafuta ni meza, mwanga na utulivu ambao nyumba ya chumba kimoja haiwezi kuutoa.

Kwa nini matawi yalitangulia

Katika mradi wa Nairobi, matawi mawili ya mashariki ndiyo yaliyotangulia kukarabatiwa, huku jumba kuu lenye sifa likisubiri. Mpangilio huo una mantiki ambayo kaunti nyingine zinaweza kuiiga.

Jengo dogo hugharimu kidogo, na makosa yanayofanyika humo hayafilisi mradi mzima. Aidha, watumiaji wake wako karibu, hivyo ni rahisi kuwauliza wanachohitaji kabla ya fundi kuitwa na kusikia malalamiko yao baada ya fundi kuondoka. Zaidi ya hayo, lina thamani ya ishara. Mtaa uliozoea kupata mabaki ya mjini huona kwamba safari hii umepewa nafasi ya kwanza.

Matokeo yake hayakupita bila kuonekana. Wakati wa ziara ya Mfalme Charles wa Uingereza nchini Kenya mwaka 2023, maktaba ya mtaani Makadara ilikuwa miongoni mwa mahali palipotembelewa. Januari 2025, filamu ya hali halisi kuhusu juhudi hizo, How to Build a Library, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Christopher King, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance nchini Marekani.

Lakini sifa za nje hazikuondoa ugumu wa ndani. Kati ya mwaka 2018 na 2022 pekee, Nairobi ilikuwa na magavana watatu: Mike Sonko, Ann Kananu na Johnson Sakaja. Kuanzia Machi 2020 baadhi ya majukumu ya kaunti yalihamishiwa kwa muda taasisi maalumu ya serikali ya kitaifa iliyoitwa NMS. Kila mabadiliko ya aina hiyo huulazimu mradi kama huu kujieleza upya kwa maafisa wapya. Funzo la kwanza ni kwamba makubaliano ya maktaba hayana budi kuandikwa na kupitishwa kwa namna ambayo yatadumu hata aliyeyatia saini atakapoondoka.

Kabla ya nyundo kupigwa

Wataalamu wa uhifadhi hukubaliana kwamba kazi ya awali katika jengo kongwe ni kuchunguza. Paa linavuja wapi? Unyevu unapanda kutoka ardhini au unashuka kutoka juu? Nyaya za umeme zina umri gani? Mchwa wamefika wapi? Wakati uo huo, vitabu vyote huhesabiwa na kuorodheshwa, kwa sababu vitabu vinavyohamishwa bila orodha hupotea, na vinavyopotea katika maktaba kuukuu aghalabu havipatikani tena dukani.

Huku Pwani, adui mkubwa ni unyevu. Kuvu huanza kuota katika karatasi pale unyevu wa hewa unapozidi kiasi cha asilimia 65 hadi 70 kwa muda mrefu, na karibu na bahari kiwango hicho hupitwa mara nyingi. Chumvi iliyomo hewani nayo hula mabati na kupenya hadi kwenye nondo za zege. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege lililoifunika. Ndiyo maana matumizi ya mchanga wa baharini katika ujenzi, ingawa hupunguza gharama siku ya kwanza, huwa deni linalolipwa kwa miaka mingi.

Ikiwa jengo ni la kale la mawe ya matumbawe na chokaa, kama yalivyo mengi katika miji mikongwe ya Waswahili, tahadhari huwa kubwa zaidi. Kuta za aina hiyo hunyonya unyevu na kuutoa tena. Fundi akizipiga lipu ya saruji, anaufungia unyevu ndani. Baada ya misimu michache lipu hubambuka vipande vipande na kung'oa uso wa jiwe. Lipu ya chokaa huchukua muda mrefu kukauka na huhitaji fundi anayeijua, lakini inauacha ukuta upumue.

Majira nayo yana neno lake. Paa likiezuliwa katika mwezi wa Aprili, masika yatakuta rafu ziko wazi. Januari na Februari, wakati upepo wa kaskazi unavuma na mvua ni chache, ndio wakati salama wa kazi za juu katika pwani ya kusini. Mwanakandarasi anayepewa kazi mwezi Machi kwa sababu karatasi za zabuni zilicheleweshwa huanza kazi akiwa tayari amepata hasara.

Hatari ya kuchelewa si ya kufikirika. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Jumba hilo lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Hadhi ya kimataifa haikuweza kuzitegemeza kuta zilizokuwa zimechoka kwa miaka mingi.

Uzito wa vitabu

Jambo moja ambalo wengi hulisahau wanapogeuza jengo la kale kuwa maktaba ni uzito. Rafu yenye urefu wa mita moja, ikijazwa vitabu, huwa na uzito wa kiasi cha kilo 30. Kabati lenye rafu sita kila upande, mbele na nyuma, lina mita 12 za vitabu kwa kila mita moja ya urefu wake. Hiyo ni kama kilo 360, kabla ya kuhesabu mbao au chuma cha kabati lenyewe.

Kwa sababu hiyo, wahandisi hutarajia sakafu ya nyumba ya kawaida ibebe kiasi cha kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba, lakini kwa chumba cha kuhifadhia vitabu kiwango hicho hukaribia kilo 700. Ghorofa ya kale iliyoinuliwa kwa boriti za mikoko haikukusudiwa mzigo kama huo. Boriti hizo, kwa kawaida, hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, na ndizo zilizofanya vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili viwe virefu na vyembamba.

Suluhisho si gumu. Vitabu hukaa chini, juu ya sakafu iliyolala ardhini, na wasomaji hupanda juu. Kanuni hii rahisi huokoa fedha ambazo zingetumika kuimarisha ghorofa. Pia huokoa maisha ya watu.

Kupanua bila kubomoa

Neno upanuzi huwafanya wengi wafikirie ghorofa mpya. Katika maktaba kongwe, mara nyingi kuna njia nyingine za kupata nafasi, na baadhi yake hazihitaji tofali hata moja.

Njia ya kwanza ni kutumia vema nafasi iliyopo. Vitabu visivyoguswa kwa miongo vikichambuliwa, vyenye thamani ya kihistoria vikahifadhiwa pahali pake na vilivyochakaa vikaondolewa, chumba kizima kinaweza kupatikana. Hapa busara inahitajika, kwa kuwa kitabu kinachoonekana takataka kwa afisa mmoja kinaweza kuwa nakala pekee iliyosalia nchini.

Njia ya pili ni kutoka nje. Usanifu wa Pwani ulilijua hili zamani. Baraza iliyo mbele ya nyumba ni chumba kisicho na kuta, na ua ulio katikati huleta mwanga na hewa. Maktaba ya Pwani iliyoongezewa veranda pana na mabaraza ya kukalia hupata viti vingi kwa gharama ndogo kuliko ya chumba kipya. Kama jengo jipya litaongezwa, kuta zake ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lisiingie moja kwa moja na kuvichoma vitabu, nao upepo wa kaskazi na wa kusi uachiwe njia kupitia madirishani.

Njia ya tatu ni kuongeza saa. Chukua mfano wa maktaba yenye viti 40 inayofunguliwa saa 45 kwa wiki. Inatoa saa 1,800 za kukalia viti. Ikiongezewa saa mbili kila jioni kwa siku tano, inapata saa 400 zaidi, sawa na kuongeza viti tisa hivi katika ratiba ya zamani. Tofauti ni kwamba viti tisa vipya vinavyofunguliwa asubuhi vitakaa vitupu wakati watoto wako darasani, ilhali saa mbili za jioni huja wakati ambapo mtoto ametoka shuleni na nyumbani kiza kinaingia. Katika eneo ambalo familia nyingi huhesabu senti za umeme na mafuta ya taa, saa hizo zina thamani kubwa.

Njia ya nne ndiyo ujenzi hasa. Inapofikiwa, kanuni inayokubalika katika taaluma ya uhifadhi ni kwamba sehemu mpya iheshimu ya kale kwa kimo na umbo lakini isijifanye kuwa ya kale. Anayelitazama jengo aweze kujua nini kilijengwa lini. Vilevile sehemu mpya iunganishwe kwa namna ambayo, ikibidi iondolewe siku moja, jengo la awali libaki zima.

Vitabu vya nani?

Jengo likishapona, swali gumu zaidi hufuata: rafu zibebe nini? Maktaba ya McMillan ilijazwa vitabu vilivyochaguliwa na walowezi kwa ajili ya walowezi. Kufungua mlango mwaka 1958 hakukubadilisha kilichokuwa rafuni.

Hata namna ya kuvipanga vitabu hubeba mtazamo fulani. Maktaba nyingi nchini hutumia mfumo wa nambari ulioasisiwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Katika mfumo huo dini zote zimepewa nambari 200 hadi 299, lakini sehemu kubwa ya nambari hizo imetengewa Ukristo, huku Uislamu ukisongamanishwa katika nambari moja, 297. Lugha za Afrika nazo zimekusanywa katika 496, na Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, hupatikana katika 496.392.

Kwa maktaba ya pwani ya kusini, ambako Waislamu ni wengi na Kiswahili ni lugha ya nyumbani, sokoni na msikitini, mpangilio huo una athari ya moja kwa moja. Vitabu vya fikihi, tafsiri na historia ya Kiislamu, ambavyo msomaji wa Kinondo angetarajia kuviona mbele, hujikuta vimebanana katika rafu moja ya nyuma vikiwa na nambari ndefu. Mkutubi hahitaji kuuvunja mfumo. Anaweza kuzitoa rafu za Kiswahili, za Uislamu na za historia ya Pwani na kuziweka karibu na mlango, kisha akaacha nambari zibaki jinsi zilivyo.

Kidigo nacho kinastahili nafasi yake. Mwaka 2004 ilichapishwa Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili. Maktaba ya Kinondo isiyo na kitabu hicho rafuni ingekuwa imewasahau wenyeji wake, kama ile ya 1931 ilivyowasahau wenyeji wa Nairobi.

Fedha za mwaka wa pili

Miradi ya ukarabati hupendwa na wafadhili kwa kuwa ina mwanzo, mwisho na utepe wa kukatwa. Mshahara wa mkutubi hauna utepe. Bili ya umeme haina, na kadhalika rangi ya kupakwa tena baada ya miaka minne. Hapo ndipo maktaba nyingi zilizokarabatiwa hurudi zilikotoka.

Kuna mfano wa kale unaofaa kukumbukwa. Tajiri Andrew Carnegie, ambaye wakfu wake ulichangia jumba la McMillan, aligharimia pamoja na wakfu huo zaidi ya maktaba 2,500 katika nchi zinazozungumza Kiingereza, kuanzia mwaka 1883 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya kupewa fedha, miji mingi ilitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka hazina yake, kiasi kisichopungua asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya uendeshaji.

Mtu anaweza kumlaumu Carnegie kwa mengi, lakini hesabu hiyo ilikuwa sawa. Kwa kipimo hicho, kaunti inayokarabati tawi kwa Sh10 milioni inapaswa kuonyesha mahali itakapopata Sh1 milioni kila mwaka za kuliendesha. Ikiwa fedha hizo hazimo katika makadirio ya bajeti, basi jengo hilo limeanza kuchakaa kabla halijafunguliwa.

Katika mpango wa Nairobi, majengo yalibaki kuwa mali ya kaunti, na shirika likachukua jukumu la kutafuta fedha na kusimamia ufufuzi. Ushirikiano wa aina hiyo huleta ari na wepesi ambao ofisi za serikali huukosa. Lakini pia huleta maswali: mfanyakazi wa kaunti anamsikiliza nani? Nani anaamua ada, saa za kufungua na vitabu vya kununua? Shirika likiondoka, nani anabaki? Maswali hayo hujibiwa vizuri zaidi kwa maandishi, siku ya kwanza, wakati pande zote zingali zinaelewana.

Sheria na wazee

Hapa ndipo tajriba ya Kinondo inapokuwa na maana. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo wenye ukubwa wa kiasi cha hekta 30 kandokando ya Bahari Hindi, umezungukwa na ardhi ya thamani kubwa ya utalii wa Diani. Mashinikizo ya kuigawa ardhi ya kaya za pwani ya kusini yamekuwapo kwa miongo mingi, na baadhi ya misitu hiyo imepungua sana.

Kuanzia mwaka 1992, serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za kitaifa katika gazeti rasmi, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 ikaendeleza ulinzi huo. Mwaka 2008, kaya takatifu za Mijikenda, Kinondo ikiwamo, ziliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia.

Hata hivyo, sheria peke yake haikatazi tawi la mti kukatwa usiku. Kinachoufanya msitu wa Kinondo usimame ni kwamba sheria ya nchi imekutana na mila inayosimamiwa na wazee walio hapo hapo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wageni wamekuwa wakikaribishwa kwa ada na kuongozwa na wenyeji, wakijifunga kitambaa cheusi na kufuata masharti ya kaya, na mapato yakiifaa jamii. Kwa maneno mengine, msitu haukufungiwa, wala haukuachwa wazi kwa kila mtu kufanya apendavyo. Wenyewe ndio wanaoweka masharti ya kuingia.

Ni utaratibu huo ambao maktaba kongwe huuhitaji. Sheria ya 1938 ililihifadhi jumba la McMillan dhidi ya kuuzwa au kubomolewa, lakini haikulizuia paa kuvuja. Ulinzi wa kisheria huzuia jengo lisipotee kwa siku moja. Usipopata kamati ya wenyeji inayohesabu vitabu, inayouliza bajeti na inayogundua ufa ungali mdogo, jengo hilo hilo hupotea kidogo kidogo.

Wakazi waulize nini?

Katiba inazitaka serikali za kaunti kuwashirikisha wananchi, na kila kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano pamoja na makadirio ya bajeti ya kila mwaka. Vikao hivyo mara nyingi hutawaliwa na barabara, maji na basari, mambo ambayo hakuna anayeyabeza. Maktaba hukosa msemaji, kwa sababu hakuna anayekufa kwa kukosa kitabu.

Mkazi anayetaka kulileta suala hilo mbele ya mwakilishi wadi wake anaweza kuuliza mambo machache ya wazi. Je, jengo linalopendekezwa ni mali ya umma, na hati yake iko wapi? Nani amechunguza paa, kuta na uwezo wa sakafu kubeba rafu? Kazi itaanza mwezi gani, na je, paa litakuwa limefunikwa kabla ya masika? Ni asilimia ngapi ya gharama imetengwa kwa mwaka wa pili na wa tatu? Maktaba itafunguliwa saa ngapi jioni? Nani atakaa katika kamati, na je, wanawake, vijana na walimu wa madrasa wamo?

Maswali hayo hayahitaji utaalamu, na majibu yake hupatikana katika faili za serikali iwapo kazi imepangwa ipasavyo. Yakikosa majibu, ni afadhali fundi angoje. Jengo lililosimama miaka 70 linaweza kusubiri miezi sita zaidi ili makadirio yaandikwe sawasawa, mradi paa lake lizibwe kwanza.